Koplo wangu anapiga washukiwa: wajibu wangu kama msimamizi wa zamu unaishia wapi?

"Afande, salamu. Nilipandishwa cheo kuwa sajenti mwaka jana, na sasa nasimamia zamu katika kituo kile kile nilichofanyia kazi nikiwa konstebo. Katika zamu yangu kuna koplo mmoja, mzee wa kituo, aliyenifundisha kazi nilipotoka chuo cha polisi cha Kiganjo. Ndiye anayetegemewa kushika wezi, na OCS, mkuu wa kituo, humsifu kwenye gwaride. Tatizo ni mkono wake. Washukiwa hupitishwa chumba cha nyuma kabla ya kuandikwa, na hutoka wamevimba. Jumamosi iliyopita kijana wa bodaboda alitoka huko damu ikimchirizika sikioni. Mimi nilikuwa mbele nikiandika ripoti ya ajali. OCS aliniambia niandike kwamba aliteleza akipanda gari. Sikuandika hivyo, lakini ukweli pia sikuuandika. Niliandika tu 'ana majeraha madogo'. Jumapili aliachiliwa kwa bondi. Kuna konstebo mgeni aliyekuwa mle ndani na tangu siku hiyo halali vizuri. Nikimripoti koplo nitaitwa msaliti, na tunaishi laini moja ya nyumba za polisi, watoto wetu wanasoma pamoja. Mume wangu anasema ninyamaze kwa kuwa sikumgusa mtu wala kutoa amri. Je, jambo hili ni langu, au ni la koplo na OCS?"

Sajenti, ni lako. Ni la koplo kwanza, na la OCS kwa namna yake, lakini ni lako pia. Nalisema mapema ili usisome jibu hili ukitafuta pa kutokea. Halafu nikwambie na hili: mtu aliyeamriwa kuandika uongo akakataa, na bado anakosa amani kwa sababu hakuandika ukweli, ndiye mtu ninayependa kumwona akisimamia zamu.

Lakini tuanze na kijana. Damu inayotoka sikioni baada ya kipigo si jeraha dogo mpaka daktari aseme ni dogo. Mara nyingi ni ngoma ya sikio iliyopasuka, na hiyo kwa kawaida hupona. Wakati mwingine ni ufa kwenye fuvu, na mwenye ufa huo anaweza kutembea na kuongea vizuri siku nzima kisha hali ikageuka ghafla. Umenieleza jinsi alivyotoka seli, hukunieleza kama alipelekwa hospitali. Ikiwa hakupelekwa, hilo ni la leo, kabla ya hesabu zako za nani atasema nini. Ingiza kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwamba mshukiwa huyo, kwa nambari ya kesi yake, anahitaji kuonwa na daktari. Mjulishe aliyemdhamini au wakili wake kupitia afisa ambaye hakuhusika, na hakikisha anajua kwamba ana haki ya kupewa fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha ya aliyeumizwa. Usiende nyumbani kwake wewe mwenyewe. Usimtume koplo "akamwone". Nimewafahamu wasimamizi wenye nia njema kabisa waliokwenda kwa mlalamishi na matunda na pesa kidogo za dawa ili mambo yamalizwe kinyumbani, na ziara ile ikaja kusomwa mahakamani kama kumtisha au kumhonga shahidi.

Sasa hoja ya mume wako. Anasema kwa mapenzi, na watu wengi katika huduma wanaamini kama yeye: sikupiga, sikuamuru, basi simo. Ingekuwa kweli kama ungekuwa raia uliyepita tu kituoni. Msimamizi huulizwa maswali mengine. Je, ulikuwa na mamlaka juu ya aliyetenda? Je, ulijua, au ulipaswa kujua? Na ulipojua, ulifanya nini ndani ya uwezo wako kuzuia, kukomesha au kuripoti? Huo ndio msingi wa kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, na majeshi ya polisi duniani hupimwa kwa msingi huo.

Sheria yetu ya Kenya inakukaribia zaidi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema kwamba nguvu iliyosababisha kifo, jeraha baya au madhara mengine makubwa iripotiwe mara moja kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA). Anayetakiwa kuripoti ni afisa anayesimamia au mkubwa wa moja kwa moja wa aliyetenda. Jumamosi ile usiku, mkubwa wa moja kwa moja wa koplo alikuwa wewe. Jedwali hilo hilo linasema kwamba kufuata amri ya mkubwa hakumwokoi aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Konstebo wako anapaswa kulijua hilo kabla ya mtu kumwambia amshike mshukiwa mikono.

Usidhani haya yanakaa vitabuni tu. Agosti 2017 mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alijeruhiwa kichwani nyumbani kwao Kisumu wakati wa operesheni ya polisi baada ya uchaguzi, akafariki. Aliyeinua rungu hakutambuliwa kwa jina. Zamani faili ingefungiwa hapo. Lakini mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho aliwageukia makamanda waliosimamia operesheni na kusema wao wabebe lawama, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaamua kuwashtaki maafisa kadhaa, wakiwemo wasimamizi. Kesi imeahirishwa mara nyingi, na inawaumiza wazazi wale kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Ila kwa mtu mwenye mistari begani kama wewe, kilichobadilika ni hiki: aliyepiga asipojulikana, maswali hupanda ngazi.

Kwako wewe swali la kujua limekwisha kujibiwa, na umelijibu mwenyewe. Unajua chumba ni kipi, unajua washukiwa hupitishwa huko kabla ya kuandikwa, unajua wanatokaje. Hayo hayakuanza Jumamosi. Silisemi ili kukuongezea mzigo. Nalisema kwa sababu mlango wa "sikujua" umefungwa kwako, na mtu aliyeukubali ukweli huo hufanya maamuzi safi kuliko anayeendelea kuusukuma.

Inafaa pia uelewe tabia hii inakuaje, maana usipoelewa utamwona koplo kama mtu mbaya tu, na kumwondoa mtu mmoja hakutakisafisha kituo. Mara nyingi haianzi kwa ukatili. Huanza kwa sifa. Mtu analeta simu iliyoibwa na mwizi wake usiku ule ule, na asubuhi anatajwa mbele ya wenzake. Hakuna anayeuliza alimpataje. Wakati huo huo Katiba, Kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata muda huo ukiishia nje ya saa za korti. Kituo hakina gari la uhakika, mpelelezi ana mafaili mengi kuliko anavyoweza kusoma, alama za vidole zitachelewa. Kofi linaonekana kama njia ya mkato. Kofi la kwanza lisipoulizwa, la pili halihitaji hata sababu, na anayelitazama bila kusema kitu, awe konstebo au sajenti, anakuwa amelipitisha.

Na njia hiyo ya mkato haifiki popote. Ungamo lenye nguvu mahakamani hutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha juu kuliko chako na cha koplo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Maneno yaliyotoka chumba cha nyuma saa sita usiku hayafai kwa ushahidi. Yanafaa kwa kitu kimoja tu: wakili wa upande wa pili kuyatumia kuangusha hata ushahidi mzuri mliokuwa nao. Wezi wangapi wa koplo wako wamefungwa? Chukua majina ya miezi michache iliyopita ufuatilie kesi zao kortini. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na hesabu yake ndiyo utakayompelekea OCS, maana ni lugha anayoielewa.

Njia hiyo ikiachwa iendelee, inaweza kufika kule ilikofika kwa Josephat Mwenda, naye dereva wa bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi na afisa aliyemsimamisha barabarani. Badala ya afisa kuulizwa, Mwenda ndiye aliyefunguliwa mashtaka. Alipopeleka malalamishi IPOA, mwaka uliofuata yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka korti ya Mavoko, wakafungiwa kwenye kambi ya polisi Syokimau, kisha wakauawa. Mwaka 2022 maafisa watatu na mpasha habari wao mmoja walipatikana na hatia. Katika kesi ile nzima, jambo linalonirudia ni dogo. Watu watatu walikaa seli ya polisi, na sehemu ya ushahidi kwamba walikuwepo ilitokana na kipande cha karatasi kilichorushwa nje na mmoja wao. Sijasikia kwamba kuna msimamizi aliyefika pale, akahesabu vichwa na kuuliza hawa ni nani.

Hapo ndipo kazi yako ilipo. Watu wengi waliopandishwa cheo hudhani kusimamia ni kutoa amri na kutia sahihi. Kusimamia zamu ya polisi ni kuwa mahali ambapo mambo yanaweza kuharibika, kabla hayajaharibika. Unapopokea zamu, usichukue kitabu ukatia sahihi ukiwa umesimama kaunta. Nenda seli na rejista mkononi. Ita kila jina, mwenyewe asimame, umtazame usoni na kwenye vifundo vya mikono ambako pingu huacha alama, umuulize kama amekula na kama anaumwa, tena umuulize akiwa mbele yako na si mbele ya aliyemleta. Ambaye hawezi kusimama, au anamtazama mtu mwingine kabla ya kukujibu, andika ulichokiona na saa uliyokiona. Kisha linganisha saa ya kukamatwa na saa ya kuandikwa. Mtu akikamatwa saa tatu usiku mita chache kutoka kituoni na akaandikwa saa saba, zile saa nne ni zako kuzitafuta. Na hicho chumba cha nyuma, weka utaratibu kwamba hakuna mshukiwa anayepita kaunta kwenda popote kabla ya jina lake kuwa kwenye OB. Huhitaji kibali cha mtu kwa hilo. Ndiyo sheria ilivyo tayari, wewe unaisimamia tu. Ukianza kufanya hivyo kila zamu, bila kelele, makofi mengi yatakoma kwa sababu hayatapata giza la kutendekea.

Sasa koplo mwenyewe. Kuna ninaowaheshimu wanaosema zungumza naye kwanza, ni mwalimu wako. Nakubaliana nao kwa kiasi. Kama angekuwa amemsukuma mtu au kumtukana, ningekwambia mwite kando, mpe heshima ya umri wake, mwambie wazi kwamba katika zamu yako jambo hilo ni mwiko, kisha uandike tarehe ya mazungumzo hayo. Lakini sikio linalotoa damu limeshavuka mpaka wa mazungumzo. Hapo huna hiari ya kuamua kama utaripoti. Unaweza, na unapaswa, kuamua utaripoti vipi. Mwambie mwenyewe kabla hujapeleka maandishi, uso kwa uso, kwa sentensi chache: nitaandika nilichokiona, sitaongeza wala kupunguza, na kuanzia leo hutahoji wala kushughulikia mahabusu katika zamu yangu. Usibishane naye kuhusu wema aliokutendea. Alikutendea kweli, na hilo halibadilishi kilichotokea.

Mtazame pia kama binadamu. Afisa aliyekaa miaka mingi kwenye doria za usiku, ameona maiti na mauaji, hajawahi kuulizwa anaendeleaje, mkono wake unaweza kuwa unazungumza mambo ambayo mdomo umeshindwa. Tume ya Kitaifa ya Huduma za Polisi ina kitengo cha ushauri nasaha, na kumpendekeza huko ni sehemu ya uongozi wako. Lakini ushauri nasaha haufuti ripoti. Yote mawili yaende pamoja.

OCS ni mzito zaidi, najua. Amekwambia uandike uongo. Usiende kwake kumhubiria. Nenda na maslahi yake mwenyewe. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akaletwa kituo cha Central jijini Nairobi, na kufikia siku iliyofuata alikuwa amefariki. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema aligonga kichwa ukutani. Madaktari waliompasua wakasema majeraha hayo hayakuwa ya mtu kujiumiza mwenyewe. Mkuu wa kituo ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji. Washtakiwa wamekana, na ni mahakama itakayoamua. OCS wako ameisikia habari hiyo kama mimi na wewe. Mwambie: Afande, nikiandika kwamba aliteleza na daktari akaandika kofi, sahihi ni yangu na kituo ni chako. Kisha omba maagizo yake kwa maandishi. Mkubwa mwenye busara atarudi nyuma hapo. Asiporudi, umeshajua huwezi kumtegemea, na njia yako inapita juu yake: kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha huduma yenyewe, na kwa IPOA, ambayo hupokea malalamishi ya raia na ya polisi wenyewe, na ina ofisi nje ya Nairobi pia, kama Mombasa, Kisumu na Garissa.

Kuhusu yale maneno "majeraha madogo". Usiyafute, usichane ukurasa, usiyaandike upya juu yake. Fanya ingizo jipya lenye tarehe na saa unayoliandika, litaje nambari ya OB ya lile la kwanza, na lieleze ulichokiona kwa macho yako: damu, sikio gani, saa ngapi, alitokea mlango upi, nani walikuwepo. Usiandike "alipigwa na koplo" kama hukuona kipigo. Andika aliingia mzima akiwa na nani, akatoka vipi. Kabla ya kufanya hivyo, zungumza na wakili wako mwenyewe, si wa kituo wala wa rafiki wa OCS, kwa sababu ingizo la kwanza lina upungufu na ni lako. Unahitaji mtu wa kukushauri ana kwa ana jinsi ya kulirekebisha na jinsi ya kuandika taarifa yako. Mwone kesho, usingoje wiki ijayo. Siku zikipita, marekebisho yaliyofanywa kwa hiari huanza kuonekana kama yaliyofanywa kwa hofu. Usipige picha kurasa za OB na kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa mtu unayemwamini. Weka nambari na saa kwenye daftari lako.

Sitakuficha gharama. Unaweza kuhamishwa mbali na watoto. Huenda majirani wa laini wakakata salamu kwa muda, na kuna atakayesema cheo kimekulevya. Nimeona yakitokea kwa maafisa wazuri, na si kila mmoja alilindwa kama alivyostahili. Ukitishwa wewe au jamaa yako, liripoti tishio lenyewe, kwa saa na maneno yake, na umuulize wakili wako kuhusu Shirika la Kulinda Mashahidi. Zungumza na mume wako upya pia. Mweleze kwamba ukimya anaouona kama ngao ndio utakaosomwa dhidi yako siku kijana wa pili atakapobebwa kutoka chumba kile. Nadhani hajaambiwa jambo hilo kwa namna hiyo.

Na konstebo wako asiyelala, usimwache mwisho wa orodha kwa kuwa ni mdogo. Ndiye shahidi, na ndiye atakayekuwa sajenti wa kituo fulani miaka ijayo. Kaa naye leo, nje ya kituo kama inawezekana. Usimfundishe la kusema, wala usimuulize aliona nini kwa undani, maana hiyo ni kazi ya wachunguzi. Mwambie tu kwamba wewe unaandika ulichokiona, kwamba ana haki ya kuandika alichokiona yeye na kuwa na wakili, kwamba hakuna atakayempanga tena kwenye chumba kile katika zamu yako, na mpe nambari ya ushauri nasaha. Kama alisaidia kumshika yule kijana, atakuwa anaogopa zaidi, na anahitaji wakili wake peke yake, tofauti na wako.